Kabla ya Roboti, Tuanze na Kidole

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, na wale walioniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu naomba mnisamehe. Sikuacha. Nilikuwa na mgonjwa.

Kwa hiyo leo hakuna Linux wala simu mpya. Nataka kuandika juu ya uvimbe unaoota ndani ya puru, yaani kile kipande cha mwisho cha utumbo mpana, sentimita 15 hivi, kinachoishia kwenye njia ya haja kubwa. Najua wengine wenu mnataka kufunga ukurasa papa hapa. Msifunge. Tabia hiyohiyo ya kufunga ukurasa ndiyo ninayotaka kuizungumzia, kwa sababu nusura imponze mtu wangu.

Mtu huyo ni baba yangu mdogo. Yuko Nyamache, kule kwetu Kisii, ana shamba la majani chai na migomba. Si mtu wa kuandika ujumbe mfupi. Akitaka kitu hubipu, nami nikampigia. Usiku mmoja simu ikalia ule mlio wa ujumbe: "Kijana wangu, natoka damu nikienda choo. Ni miaka miwili sasa. Usipige simu."

Hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo yaliyoninyima usingizi. Wasomaji wasio Wagusii niwaeleze kidogo. Kwetu kuna kitu kinaitwa chinsoni, ile haya ya heshima iliyoko kati ya mzazi na mtoto. Ndugu ya baba ni baba. Kwa babu na nyanya unaweza kutania upendavyo, lakini baba na mwana hawaketi pamoja wakataja sehemu za chini za mwili. Mzee huyu alikuwa ametoa damu miaka miwili, ana watoto wazima, na hakuweza kumwambia hata mmoja. Mimi pia ni mwanawe, lakini niko mbali, na herufi kwenye kioo cha simu hazina uso. Alichoshindwa kukitamka kwa mdomo alikiandika kwa kidole gumba.

Nilitii, sikupiga. Tuliandikiana hadi saa saba za usiku. Mwanzo alikuwa amenunua dawa za ameba kwenye duka la dawa. Damu ikapungua, kisha ikarudi. Mara ya pili akaambiwa ni bawasiri, akapewa mafuta ya kupaka. Mara ya tatu akaenda kwenye kliniki moja, sitaitaja, akapimwa choo, akapimwa na malaria, akarudi nyumbani na dawa zilezile za ameba. Mitishamba nayo alikunywa. Katika safari zote hizo hakuna aliyemwambia, "Mzee, lala ubavu nikupime." Na tuseme ukweli, yeye mwenyewe hakuomba.

Asubuhi nilimwuliza rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye sekondari, sasa ni daktari. Jibu lake halikuwa refu: mtu avae glavu, apake mafuta, aingize kidole. Wiki hii, si mwezi ujao.

Kipimo hicho kilichukua muda usiofika dakika moja. Hakikuhitaji umeme wala intaneti. Ndani, sentimita 7 hivi kutoka nje, kulikuwa na uvimbe laini, ukubwa wa pera dogo. Baadaye akaingizwa kamera, akakatwa vipande vidogo vya kupimwa, na tukangoja majibu majuma matatu. Yalipokuja yalisema adenoma. Si saratani. Bado.

Daktari wa kwanza wa upasuaji tuliyemwona alisema njia anayoijua ni kufungua tumbo na kutoa kipande cha puru, na kwamba huenda mzee akahitaji kujisaidia kupitia mfuko ubavuni, kwa muda au maisha. Mzee alinyamaza. Ndani ya matatu, tumeketi bega kwa bega, simu yangu ikalia. Ujumbe ulitoka kwake: "Mfuko sitaki. Afadhali nikae na kitu changu."

Hapo nikafanya kile tunachofanya sisi watu wa programu tukikwama. Nikaenda kusoma.

UVIMBE WENYEWE

Adenoma ni uvimbe unaotokana na ngozi laini ya ndani ya utumbo. Haujavamia kitu, hausambai, na mara nyingi hauumi. Unaweza kuvuja damu au ute, au usifanye lolote. Tatizo lake ni muda. Baadhi ya adenoma, hasa zile kubwa, hubadilika polepole na kuwa saratani, na safari hiyo kwa kawaida huchukua miaka mingi, mara nyingi 10 au zaidi. Ni kama hitilafu kwenye programu ambayo haijaangusha seva bado. Ukiiona mapema unarekebisha mstari mmoja. Ukiiacha, siku moja utaandika upya mfumo mzima.

Kwa hiyo swali si kama utolewe. Swali ni kwa njia gani. Nikaona ni kama historia ya matoleo ya programu, kila toleo likitatua shida ya lile lililotangulia.

Toleo la zamani ni kupitia tumboni. Mwaka 1908 Ernest Miles wa London alieleza upasuaji wa saratani ya puru ambao huondoa puru yote pamoja na njia ya haja kubwa, na mgonjwa anabaki na mfuko maisha yake yote. Upasuaji wa aina hiyo umeokoa wengi, na siku hizi mara nyingi njia ya haja kubwa huachwa. Lakini kwa uvimbe usio wa saratani, kufungua tumbo zima ni kubomoa ukuta ili ubadilishe balbu.

Halafu kuna kupitia njia ya asili kwa mkono. Alan Parks wa hospitali ya St Mark's, London, aliieneza miaka ya 1960. Daktari anapanua njia kwa chombo, anaukata uvimbe na kushona. Ni rahisi na haihitaji mitambo. Udhaifu wake ni kwamba puru ambayo haina kitu ndani hujikunja kama soksi tupu, na ukipanda juu kidogo huoni vizuri unachokata.

Mwaka 1969 Hiromi Shinya na William Wolff, huko New York, walianza kukata vimbe za utumbo kwa kitanzi cha waya kinachopitishwa ndani ya bomba lenye kamera, waya huo ukipashwa moto kwa umeme. Hakuna kisu kabisa. Uvimbe mpana uliolala hudungwa maji chini yake ili uinuke, kisha hukatwa, mara nyingi vipandevipande.

Mwaka 1983 Mjerumani Gerhard Buess akafanya jambo la kihandisi. Alitengeneza bomba la chuma lenye upana wa sentimita 4 na urefu wa sentimita 12 au 20, likafungwa kwa mkono wa chuma kwenye meza ya upasuaji. Mdomo wa bomba umezibwa, una matundu ya kupitishia vyombo na darubini ya macho mawili. Gesi ya kaboni dioksidi hupulizwa ndani, ile soksi inajaa na kusimama, na daktari anaona kila kitu kimekuzwa. Anaukata uvimbe mzima kwa kipande kimoja, pamoja na ukingo wa ngozi safi kuuzunguka, kisha anashona. Tumbo halikuguswa. Na kwa sababu sehemu hiyo ya juu ya puru haina mishipa ya maumivu kama ngozi ya nje, wagonjwa wengi hawaumii sana, na wengi huenda nyumbani baada ya siku moja au mbili.

Je, ilifaa? Mwaka 2008 madaktari wa Vermont, Marekani, walichapisha ulinganisho wa wagonjwa 171. Kwa waliokatwa kwa mkono, uvimbe ulirudi kwa asilimia 27. Kwa waliotumia bomba la Buess ulirudi kwa asilimia 5. Tofauti hiyo inatokana na kuona vizuri, basi.

MBONA BASI HAIKUENEA?

Hili ndilo lililonivutia mimi kama mtu wa kompyuta. Kitu kizuri namna hii kilitambaa kama kobe kwa zaidi ya miaka 20. Ukisoma sababu zake unaweza kudhani unasoma habari za programu za kampuni kubwa za zamani. Mtambo ulikuwa wa pekee, ghali, na haufanyi kazi nyingine yoyote. Vyombo vyake havikuingiliana na vingine. Kujifunza kulichukua muda mrefu, na hospitali yenye wagonjwa wachache wa aina hiyo haikuona sababu ya kununua.

Kisha mwaka 2009 madaktari watatu wa Florida, Sam Atallah, Matthew Albert na Sergio Larach, wakafanya kile ambacho watu wa programu huria wangekipigia makofi. Walichukua kiziba laini cha plastiki kilichotengenezwa kwa upasuaji wa kupitia kitovuni, wakakiweka kwenye njia ya haja kubwa, wakapitisha kamera ya kawaida ya upasuaji wa matundu madogo na vyombo vyake vya kawaida. Vyombo vilevile vinavyotumika kutoa kibofu cha nyongo! Mtambo maalumu wa Buess haukuhitajika tena.

Haikuishia hapo. Mwaka 2012 kundi la Oxford likachapisha namna ya kufanya kazi hiyohiyo kwa kufunga glavu ya upasuaji kwenye mdomo wa kipanuzi, vidole vya glavu vikawa ndiyo matundu ya kupitishia vyombo. Glavu!

Jamani, hii ni hadithi tunayoijua. Intaneti haikujengwa na kompyuta ghali za benki. Ilienea kwa kompyuta za kawaida, Linux na programu za bure. Ujuzi ukihama kutoka kwenye mtambo wa pekee kuja kwenye vifaa ambavyo tayari viko chumbani, ndipo unapoweza kufika kwa watu wa kawaida.

Wala hata hilo si lazima mara zote. Mwaka 2018 Waholanzi walichapisha jaribio lililolinganisha bomba la Buess na kitanzi cha waya kwa adenoma kubwa za puru. Uvimbe ulirudi kwa asilimia 11 kwa bomba na asilimia 15 kwa kitanzi. Jaribio halikuweza kuthibitisha kwamba njia hizo zinalingana sawasawa, lakini kitanzi kilikuwa na gharama ndogo zaidi. Yaani daktari mwenye kamera nzuri na mkono uliofunzwa anaweza kumaliza kazi nyingi bila hata chumba kikubwa cha upasuaji.

Baba mdogo alitolewa uvimbe wake Nairobi kwa njia ya Florida. Bila kisu tumboni, bila mfuko. Ulitoka kipande kimoja, wakaubandika kwa pini juu ya ubao laini kabla ya kuutia kwenye dawa, ili mpimaji aone kingo zote. Alilala usiku mmoja. Majibu: kingo safi, hakuna saratani.

HOJA YANGU

Mngetegemea sasa niseme: leteni mitambo hiyo Kisii. Sisemi hivyo. Au tuseme, sianzi na hivyo.

Kuondoa uvimbe ndiyo hatua iliyokwisha kurahisishwa. Hatua iliyobaki ngumu ni ile iliyo kabla yake na ile iliyo baada yake. Kabla: mtu kusema kwamba anatoa damu, na mhudumu kuvaa glavu. Baada: mtu kurudi kuangaliwa. Hapo katikati dunia imemaliza miaka 40 ikituboreshea vyombo. Pande hizi mbili hazina hata vyombo, zina haya na makaratasi.

Tazama upande wa kwanza. Baba mdogo hakukosa bomba la Buess kwa miaka miwili. Alikosa kidole. Kama angepimwa siku ya kwanza, uvimbe huenda ungekuwa wa ukubwa wa punje ya hindi na ungekatwa kwa kitanzi kabla ya chai ya saa nne. Kama angekaa kimya miaka mitano zaidi, huenda ningekuwa naandika habari nyingine, na bomba la Florida lisingemfaa kitu, kwa maana njia hizi zote ni za uvimbe usio wa saratani au saratani iliyo changa sana. Mlango wa kuingilia huwa wazi kwa muda fulani tu, halafu unafungwa.

Mbona wahudumu hawapimi? Nadhani kuna mazoea ya zamani. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi kuanzia 1946, aliona kwamba vimbe za utumbo na saratani yake zilikuwa nadra sana kwa wagonjwa wake Waafrika, na mwaka 1971 aliandika kwamba chakula chetu chenye nyuzinyuzi nyingi ndicho kinachotukinga. Kwa vyakula hakukosea sana. Ugali wa wimbi na chinsaga ni marafiki wa utumbo hadi leo. Lakini wazo kwamba "huo si ugonjwa wetu" limeishi kuliko hali iliyolizaa. Leo saratani ya utumbo mpana na puru iko kati ya saratani tano zinazowapata Wakenya wengi zaidi. Ukiona damu ukafikiri ameba kwanza, ameba pili, bawasiri tatu, unatumia ramani ya miaka ya 1950 kutembea mji wa leo.

Miongozo yetu ya kitaifa ya upimaji wa saratani ya mwaka 2018 inaitaja saratani hii, na kipimo cha kutafuta damu iliyojificha kwenye choo kimo. Ni kijiti na kichupa. Kwenye karatasi tuko sawa. Swali ni kama kijiti hicho kinafika kwa mtu anayechuma majani chai Nyamache na kungoja bonasi ya mwisho wa mwaka ndipo aende hospitali.

Wapo watakaosema: mbona uhangaike na kidole, na dunia iko kwenye roboti? Nakubali, mimi mwenyewe hupenda habari hizo. Tarehe 7 Septemba 2001 Jacques Marescaux akiwa New York alitoa kibofu cha nyongo cha mgonjwa aliyekuwa Strasbourg, Ufaransa, ucheleweshaji wa mawimbi ukiwa wastani wa milisekunde 155. Nikiwa chuo nilikariri namba hiyo kama aya. Mwezi Juni 2025 daktari akiwa Orlando alimfanyia upasuaji wa tezi dume mgonjwa aliyekuwa Luanda, Angola. Ni kazi kubwa, na sibezi. Lakini kati ya matukio hayo mawili ilipita karibu robo karne, na mgonjwa wa kawaida bado hukutana na daktari aliyesimama kando yake. Roboti husubiri mtu aliyekwisha kugunduliwa. Haimwendei aliyeficha.

Kinachonitia moyo zaidi ni mafunzo. Oktoba 2023 Rais Kagame alizindua IRCAD Africa mjini Kigali, tawi la taasisi ya Marescaux, ambako madaktari wa Afrika hujifunza upasuaji wa matundu madogo bila kupanda ndege kwenda Ulaya. Na si mbali na kwetu, Bomet, hospitali ya misheni ya Tenwek iliyoanza 1937 imekuwa kwa miaka mingi ikitumia kamera na stenti za chuma kuwawezesha wagonjwa wa saratani ya umio wameze tena chakula. Tenwek haiko Nairobi. Iko kwenye milima ya chai kama sisi. Inatuonyesha kwamba ujuzi wa kamera unaweza kuota mizizi mashambani, mradi watu wafunzwe, wabaki, na mtu ajue kusafisha na kutengeneza vyombo.

Hospitali Kuu ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, ambayo mizizi yake inarudi hadi 1916, ndiyo ningependa iwe mwisho wa safari ya mtu wa Nyamache, badala ya basi la usiku kwenda Nairobi. Wenye mishahara tunakatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Pesa ni zetu. Tuna haki ya kuuliza zinanunua nini kwanza, na jibu langu ni: glavu na vijiti kwenye zahanati, kamera mbili tatu zinazofanya kazi kila siku kwenye hospitali ya rufaa, na wapimaji wa vipande ili majibu yasikae majuma matatu. Mtambo wa kupendeza kwenye picha za ufunguzi uje baadaye.

NA SISI WATU WA PROGRAMU JE?

Upande wa baada ndio wetu. Adenoma hurudi. Iliyokatwa vipandevipande hutakiwa kuangaliwa tena baada ya miezi 3 hadi 6, na hata iliyotoka nzima haiachwi hivihivi. Mzee alipotoka hospitali alipewa karatasi yenye tarehe ya kurudi. Karatasi! Mvua ya Nyamache haijui karatasi. Niliipiga picha, nikaweka kikumbusho kwenye simu yangu. Huo ndio "mfumo" wa ufuatiliaji alionao: mimi. Asiye na mtoto mwenye simu ya kisasa ana nini?

Hakuna haja ya akili bandia hapa. Ni jedwali moja: namba ya simu, tarehe ya upasuaji, tarehe ya kurudi, amerudi au hajarudi. Kila asubuhi programu ndogo inapitia jedwali na kutuma ujumbe. Asiyejibu anapigiwa na muuguzi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuiandika kwa wikendi moja.

Wala si ndoto. Mwaka 2010 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la WelTel lililofanyika hapa Kenya kwa watu 538 waliokuwa wakianza dawa za virusi vya ukimwi. Kila wiki walitumiwa ujumbe wa neno moja, "Mambo?", nao wakajibu "Sawa" au "Shida". Waliotumiwa ujumbe walifuata dawa kwa asilimia 62, wenzao kwa asilimia 50. Neno moja la Kiswahili kwenye simu ya mulika mwizi.

Baba mdogo alinifundisha sharti moja la kubuni mfumo kama huo, ambalo sikufundishwa chuoni. Ujumbe usitaje kiungo. Simu za nyumbani hushikwa na watoto na wajukuu. Ukiandika "kipimo chako cha puru" umemvua mzee nguo mbele ya familia yake, na hatarudi. Andika tu: "Mzee, miadi yako ni Jumanne." Chinsoni si hitilafu ya kufutwa, ni sehemu ya mazingira ambamo programu yako itaishi. Ukiiheshimu inaweza hata kukusaidia, kwa sababu watu ambao hawawezi kusema wanaweza kuandika. Namba moja ya ujumbe ya kaunti, ambapo mtu anaandika "damu" bila jina na kujibiwa aende wapi na amwombe nani ampime, ingemfikia mzee wangu miaka miwili mapema. Najua hivyo kwa sababu alichagua njia hiyohiyo mwenyewe.

Kuna atakayesema kwamba kugundua mapema bila uwezo wa kutibu ni kumtia mtu hofu bure. Hoja hiyo ina uzito kwa magonjwa fulani. Kwa huu, hapana. Uvimbe mdogo ndio unaotibika kwa vifaa duni, na uvimbe mkubwa ndio unaodai vifaa vikubwa. Kila mwezi wa ukimya unapandisha bei. Maskini ndiye anayehitaji zaidi kugunduliwa mapema, kwa maana yeye hawezi kununua toleo la ghali.

Basi nimemaliza. Ukiwa unatoa damu chooni, usijipe jina la ugonjwa mwenyewe wala usipewe dukani. Mara nyingi itakuwa kitu kidogo kweli. Lakini omba upimwe kwa kidole, na usipopimwa uliza kwa nini. Ukishindwa kumwambia mtu uso kwa uso, mwandikie. Na wewe ukipokea ujumbe wa namna hiyo ukaambiwa usipige simu, usipige, lakini usilale.

Mzee ameshaanza kuchuma majani tena. Miadi yake bado miezi minne, na tangu jana namjaribishia ile programu ya jedwali moja. Ilimtumia "Mambo?" saa mbili asubuhi. Akajibu, "Wewe ni nani?" Nimeongeza jina.

Madaktari mnaosoma hapa, mkiona nimekosea mahali nisahihisheni kwenye maoni. Na wanaotaka kuiandika programu hiyo vizuri zaidi yangu, karibuni.